Unga wa kahawia kwenye kidole cha fundi

Fundi mitambo alivuta utepe kiasi cha shibiri moja, akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akanionyesha kidole. Kilikuwa na unga wa kahawia unaonata, kama kutu ya bati kuukuu lililonyeshewa.

"Unakijua hiki?"

Nikasema ni vumbi.

"Vumbi wapi! Huu ndio muziki wenyewe."

Akajipangusa kwenye suruali. Sijui alichojipangusa ni nini: labda sekunde moja ya tarumbeta, labda silabi mbili za jina la mtu. Kwenye kanda za sumaku sauti hukaa ndani ya chembechembe za oksidi ya chuma, na chembe hizo hushikiliwa kwenye plastiki kwa gundi. Gundi ikinywa unyevu miaka mingi hulegea, chembe zikabanduka, na kilichobanduka hakirudi. Unaweza kuupoteza wimbo kwa kuusikiliza tu.

Tulikuwa ndani ya hifadhi ya kituo kimoja cha redio ya umma. Rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na kwenye rafu makasha ya kadibodi yaliyoandikwa kwa mkono: jina la bendi au kwaya au bibi msimulizi, tarehe, dakika ngapi, na chini kabisa jina la fundi aliyerekodi. Mashine za kuchezea kanda zilikuwa nne. Iliyokuwa ikifanya kazi ni moja. Zile tatu zimegeuka ghala la vipuri vyake. Mzee mwenyewe alibakiza miezi saba astaafu. Nilipomwuliza nani anafundishwa kushika nafasi yake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu aliyepotea.

Nilitoka pale na makala kamili kichwani. Serikali ziweke fedha kwenye sanaa na utamaduni, aibu iliyoje, aya kumi za hasira, kazi imekwisha.

Kisha nikamsimulia dada yangu.

## Swali la muuguzi

Dada yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa ishirini sasa. Alikuwa ametoka zamu, viatu bado mguuni, miguu ameinyanyua juu ya kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake si la kawaida. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Mdogo wangu, jana usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa watoto 38. Hiyo hela ya kuokolea kanda, kwa nini isije kwetu?"

Nilikuwa na maneno, tena mengi. Urithi. Utambulisho. Roho ya jamii. Maneno ambayo mgeni rasmi huyasoma huku akitafuta ukurasa unaofuata. Mbele ya mtu aliyesimama saa kumi na mbili usiku kucha, hayakutoka.

Nikasema, "Nitafikiria."

"Fikiria," akasema, akavua kiatu kimoja.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Makala ya hasira niliifuta siku iliyofuata, na tangu hapo nimeandika nyingine tatu nikazifuta pia. Hii ni ya tano.

## Jibu la hela

Jibu la kwanza nililojaribu ndilo analolijaribu kila mtu: sanaa inalipa. Senti moja ikiingia, zinatoka tatu. Ajira, watalii, hoteli, teksi. Na mfano unaotajwa ni uleule siku zote, Bilbao, mji wa chuma na meli kaskazini mwa Hispania uliokuwa umechoka, ukajengewa jumba la makumbusho la Guggenheim, likafunguliwa mwaka 1997, na watu wakaanza kupanda ndege kwenda kuliona.

Ni kweli. Ila katika miaka hiyohiyo Bilbao ilikuwa ikisafisha mto wake, ikihamisha bandari, na reli yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1995, miaka miwili kabla ya jumba. Anayenakili jumba peke yake amenakili kofia akaacha kichwa.

Lakini kilichonitoa kwenye jibu hili si Bilbao. Nilijiuliza: ikiwa sababu ya kuokoa ile kanda ni kwamba italeta watalii, basi siku ikionekana kwamba jengo la maduka linaleta watalii zaidi, nitakubali kanda itupwe? Nisingekubali. Kwa hiyo hiyo haikuwa sababu yangu. Ilikuwa nguo niliyoazima ili nionekane mtu wa maana kwenye kikao cha bajeti.

Na dada angeniuliza hizo senti tatu zimefika wodini lini.

## Watu wanne, nusu saa

Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walipekua hesabu za kumbi za maonyesho, okestra na vikundi vya dansi, wakitaka kujua kwa nini mapato ya tiketi hayafikii gharama hata pale viti vinapojaa. Jibu lao linaeleweka vizuri kwa mfano wa wanamuziki wanne. Kipande kilichotungwa karne mbili zilizopita kwa ajili ya fidla mbili, viola na selo kilihitaji watu wanne na nusu saa. Leo kinahitaji watu wanne na nusu saa. Huwezi kukipiga kwa watu watatu, wala kukimaliza kwa dakika tisa ukajisifu kwamba umeongeza tija.

Wakati huohuo, kiwandani, mfanyakazi mmoja anatoa viatu ambavyo zamani vilihitaji kundi zima, na ujira wake umepanda kwa sababu hiyo. Mpiga fidla naye anavaa viatu na analipa pango kama yeye. Ujira wake lazima ufuate, la sivyo atakwenda kiwandani. Basi gharama ya ile nusu saa inapanda mwaka hata mwaka bila mtu yeyote kuwa mvivu wala mwizi. Ama tiketi ipande mpaka ukumbini waingie matajiri peke yao, ama pengo lizibwe na mwingine.

(Najua, kuna rekodi. Wimbo ukisharekodiwa, kuusikilizisha watu milioni hakugharimu kitu. Lakini lazima kwanza watu wanne wakae chini kwa nusu saa, baada ya miaka ya mazoezi ambayo hakuna aliyewalipa.)

Kilichonifanya niinuke kwenye kiti ni kwamba Baumol hakuishia kwenye muziki. Katika miaka iliyofuata alionyesha kwamba maradhi haya ya gharama yanaila pia elimu, na yanazila hospitali. Kumbembeleza mtoto mwenye homa mpaka akubali dawa kunachukua muda uleule uliochukua miaka 100 iliyopita. Kufunga kidonda vizuri hakuharakishwi. Muuguzi na mpiga fidla wako kwenye mtumbwi mmoja: kazi yao ni muda wa binadamu, na muda wa binadamu hautoki kwenye mashine.

Nikamwandikia dada ujumbe saa tano usiku, mrefu, wenye alama nyingi za mshangao.

Alijibu asubuhi alipotoka zamu.

"Sawa. Ila mgonjwa wangu akikosa muuguzi anakufa. Mpiga fidla wako akikosa ukumbi anakufa nani?"

Hafi mtu.

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi, na mpaka sasa sijapata ujanja wa kulizunguka. Nadhani yeyote anayetetea fedha za umma kwa ajili ya sanaa aanze hapo, akiri hivyo kwa sauti, ndipo aendelee.

## Mkate wa mgawo

Niliendelea kwa kuitazama Uingereza ya baada ya vita. Nchi imeshinda na imefilisika kwa wakati mmoja. Mkate, ambao haukuwekewa mgawo hata siku moja vita vikiendelea, uliwekewa mgawo Julai 1946. Mwezi uliofuata, Agosti, Baraza la Sanaa likapata hati yake ya kifalme. Aliyelipigania, mwanauchumi John Maynard Keynes, alikuwa amefariki Aprili. Na Julai 1948, wakati mgawo wa mkate ndio kwanza unaondolewa, ikaanza huduma ya afya ya taifa, matibabu bila kulipa mlangoni.

Mkate wa mgawo, hospitali ya bure, na baraza la kulipia okestra, vyote ndani ya miaka miwili, kutoka kwenye hazina moja iliyokauka.

Sisemi walikuwa malaika. Sehemu kubwa ya fedha za mwanzo za baraza hilo iliingia kwenye jumba moja la opera, Covent Garden, London, na watu wa mikoani walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini swali la "ukumbi au hospitali" halikuwafunga mikono. Kwa kweli nimeanza kulishuku swali lenyewe. Linadhani kuna ndoo mbili tu, na kwamba maji yakiisha kwenye moja basi yamehamia kwenye nyingine. Fungu la utamaduni kwa kawaida ni chembe ya bajeti. Likifutwa lote leo, wodi ya dada yangu haitapata muuguzi wa tatu. Aliyemchukua muuguzi wa tatu hayupo ukumbini.

Tena si lazima hela zitoke kwenye ndoo moja. Ufaransa inatoza asilimia 10.72 kwenye kila tiketi ya sinema, na fungu hilo linakwenda kwenye mfuko wa kutengenezea filamu. Ukienda kutazama filamu ya Hollywood yenye magari yanayolipuka, kipande cha tiketi yako kinamlipa kijana fulani asiyejulikana atengeneze filamu yake ya kwanza ya watu wawili wanaozungumza jikoni. Hakuna kitanda cha hospitali kilichoguswa.

Dada alilikubali la tiketi haraka. La chembe hakulikubali.

"Hata hiyo chembe naitaka," alisema.

## Mteja ambaye hajazaliwa

Katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Marekani iliwaajiri wasanii wenye njaa kama ilivyowaajiri wajenzi wa barabara. Ulikuwa mpango wa ajira, ulioanza mwaka 1935, kwa hoja ya kawaida kabisa kwamba mwandishi naye anakula. Kati ya 1936 na 1938 baadhi ya waandishi hao walitumwa kwenye majimbo kadhaa, wakiwa na orodha ya maswali, kwenda kukaa vibarazani na wazee waliozaliwa utumwani. Walirudi na masimulizi zaidi ya 2,300.

Hebu fikiria hesabu yake. Utumwa ulifutwa nchini humo mwaka 1865. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo alikuwa na zaidi ya 80 mwandishi alipobisha hodi. Miaka kumi baadaye wengi wangekuwa kaburini, na wangeondoka na kile walichokijua: walichokula, aliyeuzwa, wimbo gani ulimaanisha kwamba usiku huo kuna watu wanatoroka. Sitaurudia ule msemo wa mzee na maktaba. Umechoka, tuuache upumzike.

Kazi hiyo ina kasoro zake. Wahoji wengi walikuwa Wazungu, na mzee mweusi wa Kusini mwa miaka ile alijua jambo gani haliambiwi Mzungu aliyekuja na kalamu. Wengine waliyaandika matamshi yao kwa dhihaka. Wanahistoria husoma masimulizi hayo kwa jicho la pembeni. Lakini wanayasoma, kwa sababu yapo.

Nani angeyanunua mwaka 1937? Mchapishaji gani angemlipa mtu nauli na mshahara akamsikilize mkulima fukara mwenye miaka 85? Hakuna. Na hapo sikulaumu soko. Soko ni mfanyabiashara mwaminifu kwa mteja aliyesimama dukani. Mteja wa masimulizi yale alikuwa hajazaliwa. Hakuwa na pesa, hakuwa na jina, asingeweza kuagiza. Mtu pekee anayeweza kununua kwa niaba ya mteja kama huyo ni yule asiyehitaji faida mwaka huu, wala mwaka ujao, wala akiwa hai.

Ndipo nikaiona ile rafu ya fundi kwa jicho jingine. Zile kanda hazikurekodiwa na wafanyabiashara. Bibi msimulizi hakuwa na kampuni. Aliitwa studio na redio ya umma, fundi anayelipwa mshahara akaweka maikrofoni mbele yake, akaandika tarehe kwenye kasha. Mtu fulani, kwa fedha ya kodi, alinunua muda wa yule bibi kwa ajili yangu.

Sikuwa nimezaliwa.

## Jina lililonisimamisha

Hapa makala ilitaka kuisha yenyewe, na ningeiacha iishe kama nisingesoma habari za Guinea.

Guinea ilipata uhuru mwaka 1958, na serikali ya Sékou Touré ikamwaga fedha kwenye muziki kwa namna ambayo serikali chache zimewahi kufanya. Bendi za taifa, bendi za mikoa, ala zilizonunuliwa na serikali, mishahara ya kila mwezi, kampuni ya santuri ya serikali iliyoitwa Syliphone. Bembeya Jazz, iliyoanzia mwaka 1961 kwenye mji mdogo wa Beyla, ikasikika bara zima. Na miaka ya hivi karibuni, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, zaidi ya nyimbo 9,000 za redio ya Conakry zimehamishwa kutoka kwenye kanda kwenda kwenye faili za dijitali. Nilishangilia. Mfano wangu kamili, tena karibu yetu.

Kisha nikakutana na jina la Keïta Fodéba.

Mshairi, mwanzilishi wa Les Ballets Africains, kikundi kilichozunguka majukwaa ya dunia tangu miaka ya 1950. Akawa waziri, wa mambo ya ndani kisha wa ulinzi. Mwaka 1969 akakamatwa na serikali yake mwenyewe, akapelekwa kambi ya Boiro, akauawa. Mkono ulionunua magitaa ndio ulioshika funguo za kambi. Na nyimbo zile tamu, zisikilize maneno yake: nyingi zinakisifu chama, zinamsifu kiongozi.

Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Usidhani ni ugonjwa wa madikteta tu. Ule mpango wa Marekani ulikuwa na tawi la maigizo, na mwaka 1938 mkurugenzi wake, Hallie Flanagan, aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Alipomtaja Christopher Marlowe, mtunzi wa tamthilia wa Uingereza, mbunge mmoja, Joe Starnes, akauliza kama Marlowe huyo ni mkomunisti. Marlowe alifariki mwaka 1593. Unaweza kucheka, na ukumbini walicheka, lakini Juni 30, 1939 bunge lilikata fedha na maelfu ya watu wa jukwaani wakapoteza kazi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema anayemtunza asiulize amecheza nini.

Hapa nilikwama wiki tatu. Nikiomba fedha za umma ziingie kwenye sanaa, ninamwomba nani, na atataka nini? Kuna siku nilikaribia kumwandikia dada kwamba ameshinda, lakini kwa sababu ambayo si yake.

## Vitu visivyopigwa picha

Sijapata jibu linalofunga mlango wote. Nimepata mawili matatu ya kuupunguza upana.

La kwanza ni kuweka mkono wa mwanasiasa mbali na kalamu inayosaini hundi. Ndiyo kazi ya mabaraza ya aina ile ya 1946: bunge linatoa jumla, watu wengine wanagawa. Halitoshi, kwa sababu hao watu wengine nao wana marafiki. Ayalandi imejaribu kitu cha ajabu zaidi. Mwaka 2022 ilianza kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kwa wiki, na kwa kuwa waliotimiza masharti walikuwa zaidi ya 8,000, waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu. Bahati nasibu! Mwanzoni nilidhani ni utani. Kisha nikaona uzuri wake: hakuna waziri wa kumshukuru kwa kupata, na hakuna wimbo wa kumwimbia ili upate tena. Bahati haina chama.

La pili linatoka kwenye kile kidole chenye unga. Ukiangalia mahali fedha za utamaduni zinapopendwa na wakubwa, ni pale penye utepe wa kukata: tamasha, jengo jipya, kikundi cha kutumbuiza uwanja wa ndege mgeni akishuka. Hizo ndizo hela zinazokuja na kamera, na hela inayokuja na kamera inataka kutajwa. Mimi ningezipeleka pale pasipopigwa picha. Paa la hifadhi. Mashine ya kukausha unyevu. Mshahara wa mtu wa kuandika orodha ya kilichomo kwenye makasha. Chumba cha mazoezi chenye mlango unaofungwa. Mwalimu wa muziki kwenye shule ambayo mzazi hawezi kulipa wa ziada. Kijana wa kukaa na fundi miezi iliyobaki ajue kwa nini mzee huinusa kanda kabla ya kuigusa. Matamasha yatapata wadhamini. Kampuni za vinywaji zinayapenda.

Hili linajibu pia lawama nyingine ambayo ni ya haki, kwamba ruzuku ya ukumbi mkubwa ni maskini kumlipia tajiri kiti. Ni hivyo mara nyingi. Basi tusianzie kwenye ukumbi mkubwa.

Nilimweleza dada haya yote kwa simu, kwa fujo, mengine mara mbili. Akasema, "Kwa hiyo unachotaka si sanaa. Unataka mishahara ya watu wanaotunza."

Nikasema ndiyo, nadhani.

"Kama wodi."

## Joko

Jumamosi iliyopita alikuwa na siku ya mapumziko, nikamchukua twende kwa fundi.

Kuinusa kanda, kumbe, kuna sababu. Kanda za zamani zaidi, za asetati, zikioza hunuka siki, na hizo huziweki kwenye joto hata kidogo. Hizi nyingine, ambazo gundi yake imenata, huokwa: nyuzi joto 50 hivi, saa nane au zaidi, polepole. Unyevu ukitoka, gundi inashika tena kwa muda wa wiki chache. Katika wiki hizo unaicheza mara moja, unainakili, basi. Miaka michache iliyopita UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti walitoa tahadhari kwamba kadiri ya mwaka 2025 kazi hii itakuwa haiwezekani tena mahali pengi, kwa sababu mashine zinakufa na vipuri havitengenezwi. Mwaka huo tumeshaupita.

Joko la fundi ni kabati dogo la chuma lenye mlango wa kioo. Dada alilitazama akaanza kucheka.

"Hili si la kuoteshea vijidudu? La maabara?"

Mzee akakiri. Lilikuwa la hospitali, likauzwa kwenye mnada.

"Kumbe mlishatuchukulia," dada akasema, lakini akiwa amelishika mgongoni kama ng'ombe wake aliyempata.

Fundi akamvalisha hedifoni. Kanda ilikuwa imeokwa usiku kucha, rekodi ya miaka ya 1970. Mimi nilisikia kwa mbali tu: mkwaruzo, mwanamume anauliza kama wako tayari, kiti kinasogezwa, mwanamke anaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Mtoto mwenyewe yupo pale studio. Anakohoa. Mama anaendelea kuimba. Anakohoa tena.

Uso wa dada ukabadilika, nikadhani ni wimbo.

"Huyu mtoto kifua kimebana," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio. "Sikiliza anavyovuta. Walimpeleka?"

Fundi akatazama kasha. Kulikuwa na jina la wimbo, dakika tatu na sekunde arobaini, tarehe, na jina la fundi aliyerekodi. Jina la mama halikuwepo.

"Rudisha nisikie tena."

"Kanda siirudishi, mama. Subiri nikufungulie ya kwenye kompyuta."

Akasubiri. Alisikiliza mara nne, macho ameyafumba, midomo ikihesabu pumzi za mtoto ambaye leo, kama yupo, anakaribia miaka hamsini. Mzee alitumia muda huo kupangusa vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka na rangi ya kahawia, akaitazama kidogo, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa badala ya kuitupa.

Dada hakuniambia kama amebadili mawazo, nami sikumwuliza. Njiani aliuliza tu kama mzee ameshapata kijana wa kumfundisha. Nikasema bado.

Usiku wa kuamkia Jumatatu alirudi kazini. Walikuwa wawili, kwa watoto 41.